Moto wa Ng'ombe Wawili

Sirisia, Bungoma
14 Januari 2025

Kwako Tata Gladwell,

Ukiona mwandiko huu ujue mimi ni mzima, nimehama tu. Masikio yako yanaendeleaje? Nilikupigia simu siku ya mwaka mpya nikasema, "Tata, tumeingia nyumba mpya!" ukanijibu, "Pole, atapona." Festus alicheka mpaka akakaa chini. Basi nimeamua tuandikiane kama watu wa zamani. Barua nitaiacha kwa ofisi ya vifurushi vya basi, na Mjomba Mbugua ataichukua steji ya Kitale akija mjini.

Festus hajambo, bado anatengeneza pampu za maji. Shule imefunguliwa na watoto wa chekechea wamenililia wiki nzima. Mama mkwe wangu, Mama Sellah, anakusalimia sana ingawa macho yake yanazidi kufifia. Mzee Kizito, baba mkwe, amestaafu ukarani wa kahawa na sasa anakagua ng'ombe wake kama alivyokuwa akikagua magunia.

Nyumba ni nzuri, Tata. Bati ya kijani, vyumba vitatu, na dirisha la jikoni linatazama Mlima Elgon. Lakini ni baridi kama kanisa siku ya Jumatatu. Stima hakuna. Nguzo ya mwisho imesimama mbali kule karibu na barabara, tumeomba tuunganishwe, tunaambiwa tungoje. Tuna sola ndogo ya taa na ya kuchaji simu. Mtungi wa gesi tuliazima, ukaisha maharagwe yakiwa nusu. Kuni Festus hataki kuzisikia. Anasema moshi ulikula macho ya mama yake, hautakula ya mke wake. Kwa hivyo napika kwa Mama Sellah, kwa moshi ule ule, na Festus hajui.

Lakini hata tungekuwa na stima leo, nisingewasha. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kwetu mwanamke hajiwashii moto wa kwanza katika nyumba yake, anawashiwa na mama yake. Hata ule mtungi niliuwasha nje kwenye veranda ili usihesabike. Mama sina. Nina wewe, dada yake uliyenilea. Njoo uniwashie.

Wako,
Ciru


Kitale
2 Februari 2025

Maitu Ciru,

Wewe ulipewa jina la mama yangu, kwa hivyo nakuita mama yangu hata ukinikosea heshima. Ati pole, atapona! Masikio ni mabovu, lakini macho yangu bado ni ya msichana. Andika tu, na uandike kwa wino mweusi. Huu wa kijani ni wa wakaguzi.

Mbugua anaumwa na goti. Mahindi yaliyobaki tumeyapeleka Moi's Bridge, rori mbili, na dereva alilala njiani akidhani sijui. Mary Ann jirani amepata mjukuu, basi hatulali.

Sasa unauliza nakuja ama siji. Siji.

Usinune kwanza, soma. Festus simkatai. Alikuja hapa na mkate na soda, akakaa, akaosha hata vikombe. Lakini kijana kuja peke yake si kuja. Ni nani wa kwao amekanyaga kwangu? Nikija huko nikakuwashia moto, nikakaa mezani kwako nikala, nitakuwa nimekuja kama nani? Mama anayekula kwa binti ambaye hajaombwa amejikaribisha mwenyewe. Mimi sijikaribishi kwa watu.

Na usiende kumwambia Mzee Kizito. Jambo hili haliombwi, likiombwa linaoza. Wala usiniulize kwa nini nimekazana hivi. Nimekazana tu.

Kula vizuri. Salimia Mama Sellah.

Tata wako,
Gladwell


Sirisia
10 Machi 2025

Tata mpendwa,

Mimi tena, kwa wino mweusi kama ulivyoagiza. Mpe Mjomba pole ya goti. Hapa vumbi limetumaliza, kila mtu anautazama mlima kama anadai mvua. Mama Sellah aliteleza bafuni lakini hakuumia. Anatembea, na anaongea kuliko mimi.

Neno lako nimelipokea. Halikunifurahisha, lakini nimelipokea. Sijamwambia Mzee kitu na sitamwambia. Ila ujue wanawake wa soko la Sirisia wana midomo. Juzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, ile nyumba yako ni ya kupigia picha?" Nikacheka naye, kisha nikaenda kulia nyuma ya duka la mbegu.

Sasa sikia. Kuna jambo linaandaliwa hapa bomani. Festus alileta fundi, Rotich, mtu wa Kapsokwony, akatuchorea kitu kwa kijiti kwenye vumbi. Tata, nilisimama na ndoo ya maji mpaka mkono ukafa ganzi. Sikuambii ni nini. Nikikuambia utasema Ciru amerogwa huko Bungoma.

Mzee Kizito amesikia nakuandikia, anaomba nafasi hapa chini akusalimie kwa mkono wake. Mwandiko wake anaujali kuliko kofia yake. Namwachia karatasi aifunge mwenyewe na kuipeleka kwa basi, maana kengele ya shule inakaribia.

Wako,
Ciru

Kwa Mama Gladwell. Mimi ni Kizito, baba ya Festus. Nakusarimia sana na watu wote wa huko Kitale. Nimeona si vizuri watoto waseme na mimi nimenyamaza. Mahari sasa iko. Nimezunguka nimefikiri, na tumekubariana na Festus. Ni ya ng'ombe wawiri. Wawiri wanatosha, zaidi ya hapo ni kujisumbua bure. Karibu ujionee, utafurahi. K.


Sirisia
27 Aprili 2025

Tata,

Pasaka imepita bila neno lako. Mjomba Mbugua alimwambia Festus kwa simu kwamba barua ya Machi uliipata, na kwamba hauumwi. Sasa ni nini? Wino ulikuwa mweusi!

Siwezi tena kukuficha. Kama hutaki kuniandikia, basi utanisoma.

Rotich alichimba shimo nyuma ya zizi, upana wa chumba, kina kupita kichwa cha Festus. Ndani akaanza kujenga kwa matofali, anazunguka, anazunguka, na kila mzunguko unaingia ndani kidogo. Hakuweka nguzo. Hakuweka ubao wa kushikilia. Yale matofali yaliegemeana tu mpaka yakakutana juu, likawa paa la mviringo chini ya ardhi. Nilimuuliza, "Mbona halianguki?" Akasema, "Kila tofali linataka kuanguka, mwenzake anakataa." Kisha akalifukia lote. Ukija leo unaona nyasi, na mdomo mmoja wa kulishia.

Na mtambo huu wa gesi unalishwa nini? Mavi ya ng'ombe, Tata. Cheka. Mimi mwalimu wa watu, mikono mpaka kwenye viwiko, nakoroga samadi na maji kama uji wa harusi. Kwa kuanzia majirani walituletea mikokoteni mizima, wakisimama pembeni kuona mwisho wetu. Baada ya hapo ni samadi ya ng'ombe wa Mzee tu, kila asubuhi.

Tukangoja. Ndiyo sehemu iliyonishinda. Hakuna sauti, hakuna moshi, hakuna cha kuangalia, ila Rotich anasema kuna kazi kubwa inafanyika mle gizani na hakuna mtu wa kuisaidia. Nilikuwa nikitoka shule nakwenda kusimama juu ya zile nyasi nikivua viatu. Usiniulize nilitaka kusikia nini. Mara ya kwanza alipofungua bomba, kiberiti kilizimika. Majirani wakaguna. Rotich akasema hewa ya kwanza haiwaki, iachwe iende zake.

Alhamisi asubuhi akajaribu tena, hapo nje, kwenye ncha ya bomba. Tata Gladwell! Moto wa buluu. Hauna kuni, hauna kaa, hauna moshi, hauna hata harufu. Umesimama hewani peke yake. Wale wale waliokuja kutucheka wakasogea mbele kuuona. Mama Sellah alisogezwa karibu, akanyoosha kiganja, akageuza uso huku na huku, kisha akasema, "Nauona. Jamani, nauona, na haunichomi macho." Festus akalia. Ukimuuliza atakana.

Rotich akauzima na kuvuta bomba mpaka jikoni kwangu. Jiko jipya liko mezani, halijaguswa na kiberiti. Majirani wananiambia mimi ni mwendawazimu, kuwa na kitu kama hicho na kuendelea kupika kwa moshi. Wacha waseme. Nakungoja wewe.

Niandikie hata matusi.

Ciru


Kitale
11 Mei 2025

Ciru,

Barua zote mbili zimefika. Mvua inanyesha. Mahindi yameota vizuri upande wa juu, upande wa chini maji yamesimama. Goti la Mbugua ni lile lile.

Moto wako nimeusoma. Ni jambo kubwa. Nimefurahi kwa ajili yako.

Kuhusu yale aliyoandika Mzee Kizito, mwambie nashukuru kwa mwandiko mzuri. Na ng'ombe wake wawili akae nao. Mimi sikuomba ng'ombe. Sikuomba hata kuku. Nilitaka watu waje wakae kwenye viti vya nyumba hii, waseme jina lako, na mimi niitike. Badala yake baba na mwana wamekaa kwao wakapanga, wakakubaliana, ati zaidi ya hapo ni kujisumbua bure, halafu nikaandikiwa chini ya barua ya mtoto kama mtu anayeagizwa mbegu! Kwani wewe ni wa kujisumbulia bure? Sikukulea ili utajwe pembeni mwa karatasi.

Sina zaidi. Washa moto wako mwenyewe.

Gladwell


Sirisia
20 Mei 2025

Tata, Tata, Tata!

Leo salamu zingoje. Barua yako niliisomea kwenye geti ya shule nikalazimika kukaa juu ya jiwe. Ng'ombe gani wawili? Mahari gani? Kumbuka ile karatasi Mzee aliifunga mwenyewe, mimi sikuona alichoandika. Nilienda kwake moja kwa moja, chaki bado mikononi.

"Mzee, ulimwandikia Tata nini?"

Akasema, kwa furaha kabisa, "Nirimwambia mahari imepatikana."

"Mahari?"

"Ee. Mahari ya kuchimba shimo. Si pare nyuma ya zizi?"

Mahali, Tata! Alitaka kusema MAHALI! Alikuwa amezunguka boma lote akitafuta pahali pa kuchimba shimo la gesi, akapapata, akaona ni adabu akuambie wewe mgeni wetu mkubwa. Na ng'ombe wawili ni wale wa zizini. Rotich alisema samadi yao inatosha kulisha mtambo. Festus alitaka waongeze wa tatu, Mzee ndiye akasema hapana, zaidi ya hapo ni kujisumbua bure. Unajua watu wa huku na hizi l na r. Na usijifanye, kwani sisi je? Si wewe hadi leo unaniandikia "rori mbili" za mahindi?

Mama Sellah alicheka akishika mlango. Festus alicheka. Mimi nilicheka na kulia pamoja. Mzee peke yake hakucheka. Aliomba barua yako, akavaa miwani, akaisoma polepole, akarudia. Pale uliposema ulitaka watu waje wakae, waseme jina langu, aliweka kidole na hakukiondoa. Nikaona aibu kwa ajili yake nikatazama chini.

Baadaye akasema hivi, na nakuandikia kama alivyosema, "Huyu mama amengoja watu, na mimi nimekuwa nikitafuta pa kuchimba." Festus akamwambia, "Baba, tumwandikie tu kwamba ni herufi." Akamgeukia kwa ukali ambao sijawahi kuuona. "Mkono wangu umeandika mahari. Niandike tena niseme nirimaanisha shimo ra mavi? Kwa mama ariyemrea huyu?"

Ameamua kuja, na anakuja na hao hao ng'ombe wawili. Anasema ni mwanzo tu, na mengine yatafuata. Tata, ni hao tu alio nao. Wakitoka zizini mtambo unakufa njaa, na moto wangu unaisha kabla haujaingia ndani. Festus alimweleza hayo. Mzee akajibu, "Moto utangoja. Yeye asingoje tena."

Sijui nikuombe nini. Nikisema umzuie, nitakuwa nimemvua nguo mzee wa watu. Nikinyamaza, nyumba yangu inabaki baridi. Wanatoka Jumamosi asubuhi. Fanya uonavyo.

Ciru


Kitale
29 Mei 2025

Maitu wangu,

Natumai umelala, maana mimi sijalala vizuri tangu wageni waondoke, ni furaha tu. Goti la Mbugua limepona siku moja, alikimbia kufungua geti kama kijana.

Barua yako ilifika Ijumaa. Niliposoma pale kwenye "rori" nilicheka mpaka Mary Ann akaja kuangalia kama nimepagawa. Kisha nikasoma mpaka mwisho. Ningeweza kumwambia Mbugua apige simu kuwazuia. Simu ilikuwa hapo mezani. Sikumwambia. Nikateka maji nikaosha viti.

Jumamosi walikuja. Mzee Kizito alishuka na koti la suti kwenye matope yale, na wazee wawili wa kwao, na ng'ombe, mmoja mweusi na mmoja wa mabaka. Geti ilikuwa wazi. Hakuingia. Alisimama nje, kofia mkononi, mvua inamnyeshea kichwani, akangoja mdomo wangu useme karibu. Ciru, mimi nimekaa hapa miaka. Wanakuja wa kununua mahindi, wa kuuza dawa, wa kuomba kura. Wote wanaingia tu. Hakuna aliyewahi kusimama nje ya geti yangu akaningoja mimi. Nilishindwa kusema karibu kwa haraka, akazidi kuloa, maskini.

Mbugua alikuwa amewaita Mzee Gicheru na Mzee Ngige wakae upande wetu. Mzee Kizito alisimama akapaza sauti kwa sababu ya masikio yangu, akasema, "Tumekuja kwa ajiri ya Ciru, binti ya Nyaguthii, ariyererewa na Gladwell. Amekuwa akitupikia na hatujamuomba. Tunaona aibu." Akataja jina la mama yako! Ulimwambia wewe. Sijasikia jina hilo kwa mdomo wa mgeni tangu tumzike.

Sasa nikuambie ambalo hukutakiwa kuniuliza. Nyaguthii alipoondoka na huyo baba yako, baba yetu alisema watu wao watakuja. Kila Jumamosi alitoa viti nje, akavipanga, akavaa koti. Mvua ikianza anavirudisha. Ikiacha anavitoa. Hawakuja. Dada yangu alirudi na wewe mgongoni, na baba hakumwambia neno baya hata moja, aliviweka tu viti stoo. Viti hivyo ndivyo nilivyoviosha. Jumamosi vilikaliwa, Ciru. Vyote. Mzee Ngige ilibidi akae kwenye debe.

Ng'ombe nimewapokea. Kamba niliishika kwa mkono wangu. Wewe umeombwa, na mimi nimeitika.

Tata wako,
Gladwell


Sirisia
16 Juni 2025

Tata,

Barua yako nilimsomea Mama Sellah, tukalia sisi wawili mpaka chai ikapoa. Sikujua habari ya viti. Miaka yote nilipita hapo stoo nikitafuta jembe.

Hapa ni wazima. Mzee anatembea kifua mbele, hata salamu za sokoni anazijibu kwa urefu. Anasema Mbugua ni mtu wa maana na chai yenu ina maziwa.

Moto umeisha. Wiki ya kwanza kipimo cha gesi kilishuka kidogo, ya pili kikalala kabisa. Jana Festus alijaribu bomba kule nje kwenye mtambo, kikaja kimoto kama kucha, kikazima. Zizi limekuwa kimya, na asubuhi naamka mapema kwa mazoea, nachukua koleo, nakumbuka hakuna cha kuzoa. Wale wa sokoni wamerudi na midomo yao.

Sikuambii hivi ili unihurumie. Nakuambia kwa sababu nilisema siwezi tena kukuficha. Ungeniambia nichague, ningechagua hivi hivi, ng'ombe kwako na mimi hapa na moshi. Lakini ule moto nauota, Tata. Siwezi kukudanganya.

Wako,
Ciru


Kitale
23 Juni 2025

Maitu,

Hii ni fupi, Mbugua ameshavaa kofia. Wote wazima.

Jumamosi fungua geti ya zizi. Nakuja na rori. Ndiyo, rori. Ng'ombe wangu hawapendi hapa, wanakula wakitazama barabara. Nimesema ng'ombe WANGU, usije ukasikia vingine. Nawaweka kwako uwatunze. Maziwa mnywe, samadi ilishe moto. Wakizaa nitajua mwenyewe.

Mwambie Mzee Kizito asikasirike. Sirudishi mahari, mahari hairudi. Nimetafuta tu mahali pa kuwaweka.

Na uniandalie kitanda. Nitakaa mpaka huo moto urudi, hata ukichukua mwezi.

Gladwell


Kitale
3 Agosti 2025

Maitu,

Nimefika salama. Mahindi yamenipita kichwa, na magugu nayo, maana Mbugua akiachwa peke yake analima kwa mdomo. Wasalimie wote. Mwambie Mama Sellah kile kitambaa alichonipa nimekivaa kanisani.

Najua uliniona mgumu. Siku ile nilipokuwashia jiko, kila mtu alisema lake juu ya moto, majirani, Festus, hata wale wa sokoni walipokuja na unga. Mimi sikusema. Kesho yake nikavaa koti nikapanda gari. Ulinishika mkono ukingoja, na mimi nikasema tu, "Funga mlango, kuku wanaingia." Sikuwa na maneno, Ciru. Nimeyatafuta njia nzima na nimepata machache.

Mimi nimewasha moto tangu sijaweza kuinua sufuria. Kuni kavu, kuni mbichi, magunzi, makaa, mavumbi ya mbao. Kila moto nilioujua niliupuliza. Nilipiga magoti mbele yake, nikalia machozi, ndipo ukakubali. Nilidhani ndivyo moto ulivyo, ni kitu cha kubembelezwa.

Ukanipa kiberiti, ukasema, "Tata, zungusha hapa." Nikazungusha. Nyinyi mlisikia gesi ikipumua, niliona nyuso zenu. Mimi na masikio yangu sikusikia kitu. Nikapeleka kiberiti nikiwaza, wacha tu niwafurahishe. Na ukawa hapo! Sikuupuliza. Sikuinama. Mduara mzima, wa buluu, kimya, nimesimama wima. Niliruka nyuma nikamkanyaga Mzee Kizito, na ninamwomba msamaha, nilijifanya si mimi.

Nilikuwa najua ni samadi. Nimeizoa mwenyewe hizo wiki zote, nikaikoroga, nikaona mdomo ukiimeza. Ni nyasi aliyokula yule mweusi. Nilijua kila hatua, na bado nilipouona nilisema moyoni, Mungu wangu, ulikuwa umeficha hiki siku zote, chini ya miguu ya ng'ombe? Bibi zetu wote, na macho yao yote? Sikuwa na uchungu. Nilishangaa tu. Nilimwita Nyaguthii. Sijui kama niliita kimoyomoyo au kwa sauti, mimi sijisikii. Kama mlisikia, hamkuniambia, na nawashukuru.

Kisha ukaanza kupika. Nilikuwa sijawahi kukuona ukipika nyumbani kwako. Ulikuwa unafungua kabati bila kuuliza mtu chumvi iko wapi. Mama Sellah amekaa kwenye kona ya jikoni, macho wazi, hapanguzi chochote. Ukaweka ugali mezani, na kuku, na ile mboga chungu ya kwao, ukanipa maji ya kunawa, ukasimama hapo na taulo ukinitazama kama nitakataa.

Ninaandika hili ili ulihifadhi. Nilikula kwako, maitu. Niliomba niongezwe.

Tata wako,
Gladwell